Mvua Ilipofunga Njia

Oktoba inapokaribia kwisha, misitu ya miombo inayoizunguka Tabora humshangaza mgeni. Mvua bado haijanyesha. Ardhi imekauka tangu Mei, nyasi zimechomwa, vumbi jekundu limetanda juu ya mabati na majani ya migomba. Na katikati ya ukame huo miti inachipua. Majani mapya hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya hudhurungi, hata mlima mzima ukaonekana unawaka bila moshi, kisha polepole yakageuka kijani kabla tone la kwanza halijaanguka. Nyuki huanza kazi zao. Mafundi wa mizinga huanza kuangalia juu.

Watu wa nchi za baridi husubiri theluji iyeyuke ndipo waseme mwaka umefufuka. Unyamwezi mwaka hufufuka kwa njia hii: kwanza majani, halafu mawingu, halafu ngurumo, na katikati ya Novemba mvua yenyewe. Ikishaanza, huendelea hadi Aprili au Mei. Ndani ya siku chache kumbikumbi wanaruka, uyoga unachomoza chini ya miti na kina mama wanaupanga mafungu kando ya barabara. Mjini, katika kata ya Mtendeni kama kwingineko, ni wakati wa maembe, matunda ya miti ambayo mingi ilianza kupandwa na watu wa misafara waliokuja na mbegu zao kutoka pwani.

Historia ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imeandikwa mara nyingi kama historia ya pembe, bunduki, vitambaa na utumwa. Yote hayo ni kweli, na utumwa hasa haufai kupitwa kimya, kwa maana kuna watu waliopita Tabora wakiwa wamefungwa minyororo na hawakurudi kwao tena. Lakini yako mambo mawili katika njia ile ambayo hayapewi nafasi yanayostahili. La kwanza ni kwamba mvua ilikuwa na amri juu ya kila mtu, awe mtemi, tajiri au mpagazi. La pili ni kwamba mvua ilipofunga njia, watu walikaa, na walipokaa walisimulia. Naamini mambo haya mawili ni jambo moja.

Tuanze na wapagazi. Karne ya 19 kazi ya kubeba mizigo kati ya maziwa na bahari ilishikwa sana na Wanyamwezi, na wao walikuwa wakulima kwanza, wasafiri baadaye. Mavuno yakishaingia ghalani na njia ikishakauka, vijana walishika safari ya kwenda pwani. Kijana ambaye hajaiona bahari alikuwa bado hajahesabiwa mwanamume kamili, na watoto wa kiume waliwahi kuonekana kijijini wakijizoeza kwa kubeba vipande vidogo vya pembe. Huko pwani waliuza, walifanya vibarua, walipokea merikani, kaniki, shanga na waya. Kisha macho yao yalirudi magharibi. Mwezi wa kupanda ulipokaribia, mpagazi Mnyamwezi alitaka kuwa kwake. Tajiri aliyefika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, mwezi wa Novemba akitarajia kuajiri watu wa kumfikisha Ujiji aliwakuta wameshika majembe, na malipo makubwa hayakumsaidia sana.

Jembe hilo lenyewe lilikuwa fahari ya nchi. Wahunzi wa Unyamwezi na Usumbwa walifua majembe yaliyosafirishwa mbali na kutumika hata mahali pa fedha. Mashamba yalilimwa kwa matuta, udongo ukikusanywa juu ya majani ya msimu uliopita ili yaoze ndani. Mtama na uwele vilikuwa chakula cha tangu zamani. Mahindi, muhogo na viazi viliingia baadaye, na mpunga ulilimwa sana karibu na makazi ya Waarabu. Kulima kulifanywa kwa vikundi, kwa nyimbo, mstari mmoja wa majembe ukipanda na kushuka pamoja. Aliyetoka pwani majuzi, mabega yake bado yana sugu za mzigo, aliingia katika mstari huo kama wengine.

Lakini jembe halikuingia ardhini hivi hivi. Mtemi ndiye aliyebeba mwaka. Afya yake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi, na mvua ikikataa watu walimtazama yeye kabla ya kutazama mbingu. Kabla ya kupanda, mbegu zilichanganywa na dawa iliyotoka ikulu. Wafumu waliulizwa ni mzimu gani umesahauliwa, na familia zilikwenda kwenye vibanda vidogo vya mizimu na unga, pombe, wakati mwingine mbuzi. Moto nao ulikuwa wa mtemi. Alipotawazwa mtemi mpya, moto mpya ulipekechwa kwa vijiti, na kutoka ikulu ulisambaa hadi kwenye mafiga ya wananchi. Nchi iliwashwa upya kutoka mahali pamoja.

Hapo ndipo watu wa pwani waliofika Tabora walipokutana na kitu wasichokiona kigeni. Kwao pia moto mpya ulikuwa alama ya mwanzo, ila ulikuwa mwanzo wa mwaka. Siku ya mwaka, ambayo wengi waliiita Nairuzi, watu wa mrima na visiwani waliamka usiku au alfajiri wakaenda kuoga baharini. Askofu Edward Steere, aliyekaa Unguja miaka ya 1860 na kuandika mengi kuhusu lugha na desturi zetu, ameeleza jinsi moto wote wa nyumbani ulivyozimwa siku hiyo na kuwashwa tena kwa kupekecha vipande viwili vya mti, na jinsi chakula kikubwa cha nafaka na kunde kilivyopikwa na kuliwa adhuhuri. Zamani, anasema, damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa, na ugomvi wa mwaka mzima ulingojewa umalizwe wakati huo. Huko Makunduchi, Unguja, ambako siku hiyo huitwa Mwaka Kogwa, watu bado wanapigana kwa migomba, na kibanda cha makuti kinachomwa.

Jina lenyewe la Nairuzi limetoka Uajemi, ambako Nauruzi ni sikukuu ya kuanza kwa majira ya kuchipua, mwezi Machi. Pwani ya Afrika Mashariki siku hiyo imehama kabisa. Wanamaji na wakulima wetu walihesabu mwaka wa siku 365 kamili, kwa miongo, yaani makumi 36 ya siku na siku 5 za ziada, bila kuongeza siku moja kila mwaka wa nne kama ifanyavyo kalenda ya kizungu. Kwa hiyo siku ya mwaka hurudi nyuma taratibu. Wakati wa Steere iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi huisherehekea katika nusu ya pili ya Julai. Kwa karne nyingi sikukuu ya machipuko imetembea katika kalenda, lakini kazi yake haikubadilika: kutoka siku hiyo mtu aliweza kuhesabu mwongo wa ngapi pepo zitageuka, mwongo wa ngapi vuli itanyesha, mwongo wa ngapi masika. Nahodha wa jahazi aliihitaji hesabu hiyo, na kirangozi wa msafara aliyetaka kuvuka mbuga ya Makata kabla haijageuka ziwa la matope aliihitaji vilevile.

Sasa fikiria msafara uliochelewa. Umefika Unyanyembe, wapagazi wametawanyika makwao, mbingu imefunguka. Hakuna pa kwenda. Mito ya magharibi inajaa, Mto Malagarasi unatanua kingo zake. Tajiri Mwarabu anakaa katika tembe lake, nyumba pana ya udongo yenye paa bapa na ua katikati. Waungwana wa pwani wanakaa barazani. Watumwa na watumishi wanakaa uani. Vijijini, wanaume wa Kinyamwezi wanakaa katika iwanza.

Iwanza ni nyumba iliyowavutia sana wageni wa karne ile. Kila kijiji kikubwa kilikuwa nazo, kwa kawaida moja kila upande, kubwa kuliko nyumba za kulala familia, na wanawake nao walikuwa na yao ambayo mwanamume hakuingia. Ndani kuta zilisilibwa vizuri na kuchorwa michoro. Upande mmoja palikuwa na jukwaa la mbao lililoinamishwa, wanaume wakilalia na kukalia hapo, na mikuki, pinde na ngoma zimetundikwa juu. Moto ulikuwa katikati. Wasafiri waliruhusiwa kulala humo. Mtu aliyetoka Karagwe, mwingine aliyetoka Ugogo, mwingine aliyerudi Bagamoyo na habari za meli, wote waligusana magoti kando ya moto huo usiku wa mvua.

Na humo zilisimuliwa hadithi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, majirani wa lugha na desturi, hadithi kubwa kuliko zote naiona ni ile ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Mwanamke mmoja mwenye mimba akabaki, akajificha. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, naye akakua akiuliza watu wengine wako wapi. Kila mara alimletea mama mnyama au mdudu aliyemuua akidhani ndiye zimwi, na kila mara mama alisema siye. Mwishoni akamkuta mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima.

Mtu wa pwani aliyesikia hadithi hiyo Tabora angeinua kichwa. Kwani kwao ilikuwapo hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Steere aliinakili Unguja na kuichapa mwaka 1870. Sultani ana mtende. Kila ukizaa, tende zinaliwa na ndege usiku kabla hajazionja, na wanawe wanaotumwa kulinda wanasinzia mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, ndiye anayekesha. Anatia changarawe kinywani ili usingizi usimchukue. Baadaye paka wa sultani anaanza kula mifugo, halafu watu, anageuka nunda. Kijana yule yule anakwenda kumsaka. Kila anapoua mnyama anamkokota hadi kwa mama yake, na kila mara mama anamwambia siye, mwanangu, nunda ni mkubwa zaidi.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, mwendo ni mmoja. Mtoto, mama, mnyama asiye mwenyewe, mnyama asiye mwenyewe, kisha mwenyewe. Wataalamu wa hadithi watasema zimwi mla watu lipo katika nchi nyingi za Kibantu, na ni kweli. Lakini kati ya Unguja na Usukuma ilikuwapo barabara moja kuu, na juu yake walipita kila mwaka maelfu kwa maelfu ya watu wenye vinywa. Mimi sioni sababu ya kuamini kwamba walibeba pembe kwenda na nguo kurudi, halafu hadithi wakaziacha mlangoni.

Mmoja wa watu waliozuiwa na mvua hiyo alikuja kuwa mfasiri maarufu wa hadithi za maajabu. Richard Burton aliingia Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na msafiri mwenzake John Speke. Wapagazi wao waliokuwa Wanyamwezi walikuwa wamefika nyumbani na msimu ulikuwa umefika nao. Ikawabidi kukaa zaidi ya mwezi. Burton aliugua, mvua ikaanza, na mtu aliyembeba katika siku hizo alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman wa kabila la Harthi aliyeanza maisha kwa kuuza vitu vitamu na kuishia kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe Unyanyembe. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimsifu huyu: amesoma sana, ana kumbukumbu ya ajabu, anazijua lugha za nchi. Jioni kwa jioni walikaa pamoja wakikusanya maneno ya lugha za bara. Mazungumzo ya Kiarabu ya watu wawili waliopenda vitabu, mvua ikipiga paa la udongo, maelfu ya maili kutoka Muscat na London. Snay aliuawa mwaka 1861 katika vita vya wafanyabiashara dhidi ya Mnwa Sele, mtemi wa Unyanyembe waliyekuwa wamemng'oa. Burton alirudi kwao, na mwaka 1885 akaanza kutoa tafsiri yake kubwa ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, juzuu 10, na nyongeza zikafuata hadi 1888.

Sidai kwamba Snay alimpa hadithi hata moja ya kitabu hicho. Alilompa ni jambo jingine: majuma ya kukaa na msomi wa Kiarabu barani Afrika, ambako hadithi zilikuwa chakula cha usiku na mtu aliyejua kuzisimulia aliheshimiwa.

Njia ya misafara iliisha kwa reli. Wajerumani walimshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwaka 1893, naye akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Garimoshi halikuuliza kama ni mwezi wa kupanda. Kazi ya upagazi ikafa, na pamoja nayo ile kalenda iliyowarudisha vijana nyumbani kabla ya mvua. Sasa waliondoka kwenda mashamba ya mkonge na kukaa huko misimu mizima. Mmishenari wa Moravian, Wilhelm Blohm, alikusanya masimulizi na desturi za Wanyamwezi kutoka vinywani mwa wenyeji na kuzichapa Hamburg, Ujerumani, katika juzuu tatu kuanzia 1931. Ni kazi ninayoishukuru, ingawa inauma kufikiri kwamba moto wa iwanza ulihamia Hamburg kabla haujafika katika maktaba zetu.

Hata hivyo hadithi hazikuisha Tabora. Ziliingia darasani. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilifungua shule Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa watemi, watoto wa wale waliokuwa wakigawa mbegu zenye dawa. Miaka michache baadaye vitabu vya Kiswahili vya maajabu vikaanza kusambaa katika shule za Tanganyika. Frederick Johnson na Edwin Brenn, maofisa wa elimu, walitoa Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili mwaka 1929, na mwaka huohuo vikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Safari za Gulliver zikafuata 1932, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940.  Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, kisha mwalimu wa St. Mary's hapo hapo 1946 hadi 1949. Kizazi chake ndicho cha kwanza kuwa na uwezo wa kumfuata Sindibadi peke yake, kimya, kwa macho, bila mzee mwenye kiko upande wa pili wa moto.

Katika shule ile ya serikali alipita pia Abdallah Fundikira, aliyezaliwa 1921 katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Alikwenda Makerere akasomea kilimo, akawa ofisa kilimo, kisha mwaka 1957 akakalia kiti cha wazee wake. Mtemi aliyejua kupima udongo na mvua kwa milimita, juu ya kiti ambacho watu walikitazama mvua ilipochelewa! Miaka 6 baadaye sheria ya serikali huru ikafuta utemi nchi nzima.

Kitabu kilichokamilisha mzunguko wote huu, kwa maoni yangu, kiliandikwa na mtu wa Tanga. Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Humo liwali mwema anapatikana akiwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, kisha kuwalisha na kulia, na mfalme anataka kujua sababu. Manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Hadithi hiyo ina asili yake katika Alfu Lela Ulela, na mmoja wa wafasiri wake wa Kiingereza alikuwa Burton yule yule wa Kazeh. Shaaban Robert aliichukua akaifanya ya Kiswahili kabisa, kwa majina yanayobeba tabia na sentensi zinazotembea kwa mizani.

Mwaka mmoja kabla yake kilikuwa kimetoka Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambacho nakipenda zaidi kwa sababu ya njia zake. Nchi hiyo ilituma wajumbe sita, mmoja kila upande: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni, na chini ardhini. Waliteseka, waliona nchi zenye maajabu, walirudi na habari ambazo zingeinufaisha Kusadikika. Kila mmoja alipofika nyumbani alitiwa gerezani. Karama, kijana aliyeanza kufundisha watu sheria, anashtakiwa na waziri Majivuno, na utetezi wake mbele ya mfalme ni kusimulia safari za wajumbe hao, mmoja baada ya mwingine.

Msomaji wa Tabora ana ufunguo wa kitabu hiki ambao wengine hawana. Hapa kila familia ya zamani ina mjumbe wake: babu aliyebeba pembe hadi baharini, bibi aliyeletwa kutoka Manyema na hakusimuliwa tena na mtu yeyote. Baadhi yao walirudi mvua ilipokaribia, wakakaa kando ya moto na kueleza waliyoyaona, meli zinazotembea kwa moshi, maji yasiyo na ng'ambo, wakaaminiwa nusu. Wengine walifungwa midomo. Katika kitabu, Karama anapomaliza, mfalme anaridhika, kijana anaachiliwa, na wajumbe sita wanafunguliwa.